Kilatini Kitoke, Mirathi Iingie

Tangu utotoni mimi ni kiguu na njia, na mwaka wangu wa mwisho wa masomo nilizidi. Nilikuwa nikisomea sheria katika chuo cha juu, Mogadishu, zama za mwishomwisho za Mtaliano. Nilikaa darasani, lakini roho ilikuwa kisiwani kwetu Chula, kwa mama.

Babu, baba yake mama, alikuwa fundi wa vyombo vya bahari. Alipofariki aliacha mashua moja, wajomba zangu wawili wakaishika, na mama wakawa wanampelekea samaki. "Chombo hakikatwi vipande," walimwambia, "na wewe kitoweo hukikosi." Kadhi alimpa mama fungu lake waziwazi. Wajomba wakakataa, wakaenda mahakama ya serikali Kismayo. Karani wa pale, mhitimu wa chuo chetu wenyewe, akaona mashua imeandikishwa kwa jina la mjomba mkubwa, akaishia hapo. Mirathi hakuwahi kufundishwa. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mimi kila nikiikumbuka damu ilinichemka.

Kwa hiyo walimu walipotuita tutoe maoni juu ya kupanga upya masomo ya mwaka wa kwanza, nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema kila anayesomea sheria asome mirathi, kwani ndiyo kesi zetu, mijini na visiwani.

"Vizuri," akasema mkuu wa chuo. "Tutoe somo gani? Wiki haiongezeki siku."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Macho yakamwangukia mwalimu wa Kilatini, mzee mpole aliyekuwa akituazima vitabu vyake bila kuuliza vitarudi lini.

"Kilatini," nikasema.

Mzee akainamisha kichwa, akawa anafuta miwani. Niliona haya, lakini maneno sikuyarudisha.

Walimu wakajadiliana wiki nzima. Usingizi ulinipaa, nilizunguka ua wa chuo, nikagombana na wenzangu kwa mambo ya chai na sukari. Mwishowe wakakubali: mirathi iingie, Kilatini kitoke. Yule mzee akaanza kufunga virago arudi kwao. Mimi sikungoja hata nguo zikauke kambani. Nikapanda lori hadi Kismayo, nikavuka hadi Chula.

Nilimkuta mama jikoni, anapaa samaki. Nilimweleza yote nikiwa bado wima.

"Keti kwanza, mwanangu," akasema kwa lahaja yetu ya visiwani, akicheka. "Hata shikamoo umeimeza. Haya, nani achakayesoma hiyo mirathi?"

"Watakaoingia mwaka ujao, mama."

"Na yule mchu wa mahakamani?"

"Yeye alishamaliza."

"Na wewe?"

Hapo ndipo nikaketi. Na mimi nilikuwa namaliza. Katika mbio zangu zote sikuwa nimelihesabu hilo: ningetoka na cheti kama cha yule karani, na mirathi sikufundishwa.

"Basi hao wachu wa mwaka ujao," akauliza taratibu, macho kwenye kisu, "wakimaliza, mimi nichakuwa hai?"

Baadaye akanipakulia, akanisogezea sahani. Alikuwa samaki aina ya changu, wa mashua ile ile, kaletwa na wajomba asubuhi. Njaa ilikuwa inaniuma, nikamla.