Refa wa Tatu wa Bi Nélida

Mdomo wa mzazi huonekana upana wake siku mwanawe anapocheza mpira. Nélida Bentancor alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mjini Paysandú. Alikuwa amechezesha mechi za watoto Jumamosi baada ya Jumamosi, akatukanwa na akina baba, kisha akatukanwa na watoto wao nao walipokuwa akina baba. Hakukuwa na tusi lililokuwa jipya kwake. Mengine alikuwa akiwasahihisha.

Magoti ndiyo yaliyomwangusha. Daktari alisema basi, na mitaa ya kandokando ya mto ikabaki bila refa. Vijana wawili aliowafundisha walirudisha vipenga kabla msimu haujaisha, mmoja akilia. Wa tatu alikuwa Yanina, binti wa duka la mikate, na huyu naye akikimbia, ligi ingevunjwa.

"Ukikosea, kosea kwa sauti," Nélida alimwambia asubuhi ya mechi yake ya kwanza, Ribera dhidi ya Estrella. "Na usinitazame mimi. Refa anayetafuta macho ya mtu pembeni, hawa wanamla mzimamzima."

"Nimeelewa, Bi Nélida."

"Umesikia. Kuelewa tutaona."

Kipindi cha kwanza kilipita salama. Wakati wa mapumziko, baridi ikiwa inauma, Wilmar, kocha wa Ribera, alimkaribisha Yanina chai chungu ya kibuyu. Binti mwenye malezi mema, akapokea, akavuta mrija mpaka kibuyu kikakauka. Mjini kwao hakuna anayekataa kibuyu akikaribishwa. Ni sawa na kukataa salamu. Isipokuwa refa. Nélida alikuwa amemfundisha kila kitu, hata namna ya kumfunga mtoto kamba za viatu, na hilo moja akalisahau. Pale pembeni, mwalimu akajipiga paji la uso.

Ng'ambo ya uwanja, Bi Elba, nyanya wa golikipa wa Estrella, aliona. Na akiona Bi Elba, wameona wote.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, beki wa Estrella aliudaka mpira kwa mikono miwili ndani ya boksi, kama anayekamata kuku. Yanina akapuliza penalti. Basi, ungedhani amechoma nyumba ya mtu.

"Leo chai ya Ribera tamu kweli, eti refa?" Bi Elba alisema kwa sauti ya kufika mtoni.

"Kanunuliwa kwa maji ya moto," mzee mmoja akadakia. "Hata biskuti hakupewa. Rahisi huyo."

Yanina aliuweka mpira penye alama. Hakugeuza kichwa kumtafuta mwalimu wake. Nélida ndiye aliyeshindwa. Uchungu ulimpanda, akavuka mstari wa chokaa na magoti yake mabovu, kidole mbele.

"Elba, funga bakuli lako. Mtoto kashika mpira, na wewe umeona. Mwache binti wa watu afanye kazi."

Kipenga kikalia. Yanina alimjia, uso mwekundu.

"Bi Nélida, umeingia uwanjani."

"Nakutetea, mwanangu."

"Sikukuomba." Akainua kadi nyekundu. "Nje ya uzio wa waya, tafadhali."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Elba, akashika mbavu.

"Aliyemtoa mwalimu wake nje hajanunuliwa na mtu," alisema. "Haya, pigeni penalti yenu."

Nélida alitaka kubisha, maana ulimi una mazoea yake, kisha akajikongoja mpaka nje ya waya, walikokuwa akina baba. Mmoja alimpisha kwenye benchi. Uwanjani penalti ilipigwa, mjukuu wa Elba akaipangua ikatoka nje, na Yanina alikuwa ameshakimbilia kona akionyesha kwa mkono. Hakuna aliyembishia.

"Wamekuonea, Bi Nélida?" baba yule aliuliza.

"Wapi. Nimestahili," alisema, huku akifuta machozi kwa mkono wa koti na akicheka kwa furaha isiyofichika. "Sogea kidogo, baba. Na Jumamosi ijayo niwekee nafasi hapa. Nakuja kutazama tu."