Mkate wa Mkono wa Kushoto

Wilkister alikuwa na mafungu mawili ya picha mezani, na ilitakiwa liwe moja.

Kwa miezi mitano alikuwa mfanyakazi wa muda katika ghala la jumba dogo la makumbusho jijini Stockholm. Alipewa picha za Nathaniel Orwick, mchoraji Mwingereza wa karne ya kumi na nane, azipange kwa kufuata maisha yake: mtoto wa fundi viatu, kijana aliyechora sura za matajiri, kisha mzee aliyechorea vitabu ili apate chakula.

"Ukimpanga vizuri kufikia Ijumaa, kazi ya kudumu ni yako," Gunilla, mkuu wake, alimwambia.

Lakini Orwick alikataa kupangika. Kwenye mchoro wa penseli, mama anampa ombaomba mkate kwa mkono wa kulia. Kwenye picha hiyohiyo iliyochapwa kitabuni, mama yuleyule anautoa kwa kushoto! Kwao Siaya, mtoto akimpa mgeni kitu kwa kushoto anarudishwa mpaka ajifunze. Wilkister alikuna kichwa siku nzima. Mtu mmoja awe na adabu kwenye penseli, aikose kitabuni? Akaandika kwenye kadi: *Wachoraji wawili.*

Jioni, nyumbani kwake mtaa wa Hallonbergen, alisogeza sahani kando. Binti yake Natalie akamdadisi kwa Kiswidi, na aliposikia kisa akacheka mpaka akakohoa. Akachomoa mhuri wa chama cha akiba cha akina mama kwenye mkoba wa mamake.

"Mama, katibu miaka sita! Hujawahi kuutazama uso wake?"

Herufi za mhuri zilikuwa zimegeuka. Zikigongwa kwenye karatasi ndipo zinasomeka. Kumbe fundi wa uchapaji alinakili mchoro kwenye bamba la shaba, na bamba likichapwa, kulia kunakuwa kushoto.

Alhamisi aliichana kadi, akayaunganisha mafungu. Ikabaki karatasi moja ya penseli: bwana anatoa pete, kwa kushoto. Je, Orwick aliigeuza makusudi ili kitabuni itoke sawa? Au alichoka tu? Kitabu chenye picha hiyo hakikuwapo ghalani. Angeweza kuisukuma katikati ya nyingine, nani angejua?

Ijumaa aliiweka juu kabisa ya fungu. "Hii sijui pa kuiweka," alisema kwa sauti ndogo.

Gunilla akaigeuza mara tatu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hata mimi sijui. Andika hivyohivyo kwenye kadi. Na Jumatatu njoo utie sahihi mkataba. Kuna makabati kumi na moja zaidi ya kutuchanganya."