Wali wa Bokoboko wa Wifi Tausi

Nakumbuka siku moja wifi yangu Tausi aliharibu wali makusudi, na mpaka leo, mwanangu, sijaona upishi uliopita ule.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, ndiye aliyepika pilau la harusi zote za kwetu Mtoni, enzi za Mwingereza. Wali wake ulikuwa punje kwa punje. Kaka yangu alipomwoa Tausi, wali wa kwanza wa bibi harusi ukatoka bokoboko, umelainika na kugandana. Mama akasukuma sahani. "We mtoto, huu wali au uji?" Mtaa mzima ukacheka.

Kisha mama akatokwa na donda kwenye ulimi, lisilosikia dawa. Madaktari wakasema ni saratani, wakalikata pamoja na kipande cha ulimi. Alipona, lakini chakula kikawa hakipiti. Hakina ladha, majivu matupu, alisema. Kilichomuuma zaidi ni aibu, maana punje zilimdondoka mdomoni mbele za watu. Akajifungia chumbani. Tukampelekea uji, si wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji? Bakuli likarudi limejaa. Alikonda, mwanangu, nikaogopa: donda limemwacha, njaa itamchukua.

Ijumaa moja Tausi akapika makusudi wali wa nazi laini kabisa, na mchuzi wa changu usio na pilipili wala ndimu, samaki kachambuliwa miiba yote. Akapakua sinia moja, akatuita sote, kisha akamshika mama mkono mpaka mkekani.

Mama akalitazama sinia. "Nani kapika bokoboko hili?"

"Mie, mama. Leo sote twala hili."

Tukala. Punje zikamdondoka mama. Zikamdondoka na kaka, na yule hakuwa na ugonjwa wowote. Mama akameza tonge.

"Nazi," akasema. "Naisikia nazi."

Tausi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimpenda siku ile kuliko ndugu wa kuzaliwa naye.

Haba na haba hujaza kibaba. Tulikula bokoboko hadi kaka akanung'unika, na mama, keshanenepa kidogo, akamjibu, "Basi kapike wewe!"

Mwanangu, ukiuguza mtu aliyepotewa na ladha, usimwachie bakuli mlangoni ukadhani umemaliza. Lainisha chungu cha nyumba nzima, uketi naye, umngojee tonge lake. Na mgonjwa akiwa ni wewe, toka uje mkekani. Punje iliyodondoka itaokotwa. Mungu akulindie kinywa chako, na siku kitakapokushinda, akupe Tausi wako.