Ignas na Ziwa la Mchana

Watoto wanne wa Ignas wote ni wa mbalamwezi. Anayesema hivyo ni mkewe, Elida, tena bila haya, mbele za watu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazifuati taa, basi boti zinapandishwa mchangani Kibirizi, nyavu zinashonwa, na wanaume wanalala nyumbani. "Hesabu mwenyewe, dada Elinipa," aliniambia siku moja tukianua nguo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, nikahesabu. Ni kweli.

Nilipangiwa kazi Kigoma miaka sita iliyopita, na hapa Katubuka mimi na familia yao tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwetu ni Upare, milimani. Maji yanayozidi ndoo nayaogopa. Ignas nilimfahamu kwanza kwa mkoromo wake wa saa nne asubuhi. Alizaliwa Bangwe, baba yake alivuka kutoka Kongo akiwa kijana, naye mwenyewe amemaliza miaka ishirini na sita akivua dagaa. Ana mwili mkubwa na sauti ndogo, na akikosea hucheka kwanza, jambo linaloniudhi sana.

Mwaka huu akasema amechoka. Siku za giza anaamka watoto wameshakwenda shule, na jioni anaondoka kabla hawajamaliza kumsimulia habari zao. Akataka kutembeza watu ziwani mchana. Mwenye boti, mzee Mwinshehe, akamwazima boti wiki ya mbalamwezi.

"Wageni wakirudi wamefurahi, mchana boti ni yako," alimwambia. "Wakirudi wananung'unika, Jumatatu giza linaanza, unarudi kwenye taa."

Elida alikuja kwangu mbio. "Nitafutie watu wa hospitali, dada yangu." Nikakusanya wauguzi saba, pamoja na mkuu wetu Leonida, mwanamke ambaye hata chai ya harusini huirudisha jikoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukaondoka Kibirizi. Ignas alikuwa amevaa shati la pasi, na alituahidi ufukwe wa mchanga wenye vivuli, mbele kidogo ya rasi ya Bangwe. Ziwa lilikuwa limetulia. Mvua ya jana yake ilikuwa imesafisha hewa, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo mpaka mikunjo yake. Furukombe, yule tai mla samaki, alinyakua samaki mbele yetu, tukapiga kelele kama watoto. Hata mimi nilisahau kushikilia ubao.

Rasi tulishaipita zamani. Ignas akaanza kugeuza shingo kulia, kushoto, nyuma.

"Ignas, umepotea?" nikamuuliza.

Akacheka. Nikajua tumekwisha.

"Dada, njia hii naijua kwa taa. Taa za bandarini zikifichwa na mlima, nakata kona. Sasa mchana huu nitaziona wapi?"

"Miaka ishirini na sita!" Leonida alifoka. Na mimi nikaongeza yangu, nakiri, maneno ambayo jirani hamwambii jirani. Hasira yenyewe ilikuwa ni uchungu: nilimwona akilini Elida akifungasha tena chakula cha ziwani kila jioni.

Ignas akazima mashine. Halafu akafumba macho.

"Nyamazeni kidogo," akasema. Tukatega masikio. Mahali fulani maji yalikuwa yanadondoka kwenye mwamba. Uso wake ukalainika, akawasha mashine, akageuza boti, macho bado kayafumba.

"Fumbua macho, baba wewe!" nikalia. Hakufumbua mpaka boti iliposugua kokoto.

Haukuwa ufukwe aliotuahidi. Ilikuwa ghuba ndogo ya kokoto nyeupe, kijito kinateremka kwenye miamba, tumbili wanatutazama matawini. "Hapa ndipo tunapojificha upepo ukichafuka usiku," Ignas akasema. "Tunapika ugali wetu hapa. Hatua tatu za kokoto, halafu mzizi." Akashuka bila kutazama chini, na mzizi ulikuwepo.

Kisha akatazama majini, akasimama.

Maji yalikuwa maangavu mpaka vijiwe vya chini vinahesabika, na kati yake samaki: wa manjano, wa buluu, wenye mistari myeusi. Ignas akapiga magoti majini na suruali yake ya pasi. Miaka yote amekuwa akikwangua sufuria pale gizani, asijue ukoko unaliwa na nani. Akaomba ugali kidogo kwenye kapu letu, akaumwaga. Wakamjia mpaka vidoleni.

"Kumbe ni nyinyi!" akasema, machozi yakimtoka. "Nimekula nanyi miaka yote, sijawahi kuwaona sura."

Leonida akavua viatu, akatumbukiza uso majini, akainuka nywele zinachuruzika. "Njooni! Samaki huyu amefungua mdomo, watoto wake wote wamekimbilia humo kujificha!" Nani angebaki juu? Wodi nzima ya wazazi iliingia ziwani, hata Mpare.

Tuliporudi, mzee Mwinshehe alikuwa anatusubiri mchangani.

"Vipi, mama?" akamuuliza Leonida.

"Ametupoteza," Leonida akajibu. Ignas akainama. "Na Jumamosi ijayo atupoteze palepale. Nakuja na wanangu."

Jumatatu jioni giza likaanza, na boti za dagaa zikaingia ziwani. Elida aliniita ukutani, mkononi kashika chakula cha ziwani alichokifungasha kwa mazoea.

"Sasa mume wa kila siku nitamfanyaje, dada?"

"Mzalie mtoto wa giza."

Akanichapa na kanga. Ignas, aliyekaa kizingitini na mwanawe wa mwisho mapajani, akacheka, nami safari hii sikuudhika. Mtoto alikuwa anamsimulia habari za shule, na ingawa ilikuwa siku ya giza, alisimulia mpaka mwisho.