Mkate wa Sitti na Ng'ombe wa Shule

Kabla hujafundishwa kuwasha jiko la watu au kukunja mashuka yao, kuna jambo wenzako waliotangulia Saudia watakufundisha. Mimi nilifundishwa na dada mmoja wa Machakos tulipokuwa kwenye ofisi ya wakala, tukingoja kuchukuliwa.

"Sikiza, my dear," akaniambia. "Glasi ikivunjika, hujui. Mtoto akianguka, hukuona. Madam akiuliza ni nani, wewe sema mafi, yaani hakuna. Mafi, mafi, mpaka achoke. Ukijifanya mkweli hapa utarudishwa nyumbani na ndege ya kesho."

Nikaishika dini hiyo kuliko ile niliyobatizwa nayo. Katika nyumba niliyofanyia kazi Al-Naseem, upande wa mashariki wa Riyadh, vitu vilivunjika vyenyewe. Sahani ilijirusha, pasi ilijiunguza. Mimi nilikuwa daima chumba kingine, sikusikia kitu.

Sasa bosi alikuwa na binti wa miaka kumi na mitano, na shule ya huyo binti, nje kidogo ya mji, ilikuwa na shamba. Wasichana walifundishwa kufuga ng'ombe wa nyama. Kila Alhamisi walivaa buti za mpira na kwenda zizini, na madam hakutaka bintiye aende peke yake na dereva, basi nikaamriwa niandamane naye. Nilikasirika sana. Mimi niliyezaliwa Baringo, niliyeijua harufu ya zizi kabla ya harufu ya sabuni, nivuke bahari nije kutazama watoto wa wenye nacho wakifundishwa ng'ombe! Alhamisi za kwanza nilikaa garini na uso nimeukunja, mpaka joto likanifukuza nikaenda kutafuta kivuli bandani.

Mwalimu wa shamba alikuwa mama wa Kisudani, daktari wa mifugo, mpole wa sauti na mgumu wa mambo. Wote tulimwita abla, kama wanavyowaita walimu wa kike kule. Aliponisikia nikijigamba kwa dereva kwamba kwetu ng'ombe ni ndugu, akanigeukia.

"Yalla, tuonyeshe. Wahamishe hawa, waingie zizi lile."

Nikaokota fimbo. Nikapiga mluzi, nikapiga kelele, nikamchapa wa nyuma matakoni kama nilivyomwona baba akifanya maisha yangu yote. Ng'ombe wakachanganyikiwa. Mmoja akagonga lango kwa bega, mwingine akageuka akanijia, na wasichana wakapanda juu ya mabomba ya uzio wakipiga mayowe. Nami nikapanda, nisidanganye.

Abla akaichukua fimbo mkononi mwangu bila ugomvi. "Halas, imetosha," akasema. Akaingia taratibu, akasimama ubavuni mwa yule wa mbele, usawa wa bega, akasogea hatua moja. Ng'ombe akatembea. Wengine wakamfuata kama watu waendao kanisani. Hakusema neno.

Nilinuna njia nzima kurudi nyumbani. Lakini Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimesimama uzioni kabla ya wanafunzi wenyewe, masikio wazi. Nikajifunza kwamba fimbo niliyompiga ng'ombe leo itaonekana kwenye nyama yake siku ya kuchinjwa, nyama imevia damu, haifai, inakatwa na kutupwa. Nikajifunza kwamba mtu haingii zizini kabla hajaona atatokea wapi. Na ng'ombe aliyedungwa sindano alipakwa rangi kiunoni, hachinjwi mpaka dawa itoke mwilini, hata kama sikukuu imebisha hodi. Hilo lilinikaa rohoni. Kwetu, ng'ombe akidungwa asipone, tulimwahi kwa kisu tusipate hasara, na jioni tukala. Nimekula nyama ya namna hiyo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniambia kitu.

Ila kulikuwa na kanuni moja ya abla ambayo niliicheka moyoni. Aliirudia kila Alhamisi kabla ya kufungua lango: "Aliyekosea aseme kwanza. Sitamgombeza. Ng'ombe hana mdomo wa kutuambia, kwa hiyo tuseme sisi." Nikajiambia, mama huyu kumbe ni mjanja kama madam wote. Kila mtu husema hatakugombeza kabla hajakukamata.

Wasichana waligawiwa ng'ombe kwa makundi, na walikatazwa kuwapa majina. Wa kundi la binti yetu alikuwa dume aliyehasiwa, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, ambaye aliletwa na meli akiwa ndama akashushwa Bandari ya Jeddah. Binti alimtaja wakati wa chakula cha jioni mpaka baba yake, aliyesimamia ofisi nzima kule Olaya, akajua ng'ombe ameongeza kilo ngapi.

Ndipo akaja Sitti. Ndivyo walivyomwita bibi yao, mama mzaa baba, aliyekuwa akiishi Jeddah na kuja Riyadh mara moja moja kutuweka sawa. Mwanamke mfupi, sauti ndefu, mkoba mkubwa wa ngozi usiobanduka mkononi. Kwa Sitti, mkate ulikuwa kitu cha heshima. Kipande kikianguka sakafuni alikiokota, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso. Kuutupa mkate kwenye taka ilikuwa dhambi, basi mabaki yalitiwa kwenye mfuko na kutundikwa langoni, mwenye mbuzi apite ayachukue. Aliposikia mjukuu wake ana ng'ombe, mfuko wa langoni ukakoma. Sitti akaanza kuweka akiba. Akawatumia salamu na majirani, nao wakaleta mabaki yao.

Alhamisi hiyo akasema naye anakwenda kumwona ng'ombe. Nilitia kwenye buti la gari mifuko miwili mikubwa ya plastiki, imejaa mkate mpaka imefura.

Tulipofika, binti yetu alikwenda darasani kwa wenzake, na yule mwekundu alikuwa peke yake katika zizi dogo, akingoja kupimwa uzito. Sitti akaniamuru nilete mifuko. Nikajaribu, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga: "Sitti, abla anasema chakula cha nje mafi."

"Hiki si chakula," akanijibu. "Ni neema. Nenda kaniletee kiti na chupa ya kahawa."

Nilipotoka garini na kiti kichwani, Sitti alikuwa akijikung'uta makombo na ng'ombe akijilamba pua. Mifuko sikuiona. Nikaweka kiti, nikamimina kahawa.

Baada ya sala ya adhuhuri binti yetu alipiga ukelele. Mwekundu alikuwa amesimama miguu imepanuka, ulimi nje, ute ukimchuruzika. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kana kwamba mtu amemchomekea mto chini ya ngozi. Abla akaja mbio, lakini alipofika zizini akapunguza mwendo, akamsogeza polepole mpaka kwenye kile kichochoro cha mabomba wanakomsimamisha mnyama ili atibiwe bila kuumiza mtu. Akabonyeza tumbo. Halikubonyea.

"Amekula nini?"

Wasichana wakatazamana.

"Nisikilizeni," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya upole. "Akiwa amejaza mkate au nafaka, nina mafuta na magadi, namtilia kwa mpira tumboni. Akiwa amemeza plastiki au kamba, mafuta yatanipotezea muda tu, itabidi nimpasue ubavuni sasa hivi. Hawezi kungoja. Nani anajua?"

Msichana mmoja akasema, si kwa ubaya, "Asubuhi nilimwona shaghala wao amebeba mifuko ya plastiki."

Shaghala, yaani mtumishi. Yaani mimi. Macho yote yakanigeukia, na mabaya zaidi yalikuwa ya binti yetu, yamejaa machozi. "Umempa nini?" akaniuliza.

Nilimtazama Sitti. Alikuwa kitini, tasbihi mkononi, haihesabiwi tena, macho yamekazia kokoto za chini. Mafi lilikuwa tayari mdomoni, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Ningesema mafi, abla angeshika kisu. Na nikisema ukweli, ningekuwa namshtaki mama wa kafili, bosi aliyenidhamini, mbele ya mjukuu wake na darasa zima. Ni mtumishi gani amewahi kufanya hivyo akalala tena katika nyumba ileile? Nikaona ikama yangu, kile kibali cha kuishi, imefutwa, nikaona begi langu mlangoni. Kisha ng'ombe akakoroma, akapiga goti moja, nami ni mtoto wa Baringo. Sauti ile naijua. Ni ya mnyama anayekata roho.

Nikapiga moyo konde. "Mkate, abla. Mkate mwingi. Mifuko miwili."

"Mifuko yenyewe iko wapi? Ameila?"

Hapo ndipo niliposhindwa, kwa sababu kweli sikujua, na aliyejua nisingeweza kumnyooshea kidole. "Sijui, abla," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile neno hilo lilikuwa la haki. Abla akalifungua sanduku lake. Nikauona mkono wake ukichagua kisu.

"Ni mimi."

Sitti alikuwa amesimama. Akafungua ule mkoba wake, akatoa vipande viwili vya plastiki vilivyokunjwa pembetatu, nadhifu, kama anavyokunja kila kitu. "Mifuko hii hapa. Mkate nilimpa mimi, wote." Kisha akanielekezea mimi kidevu. "Huyu alinikataza. Nami nikamfukuza akalete kiti."

Abla akaikunjua mifuko, akaiinua juani, akaitazama tangu mdomo mpaka kitako. Ilikuwa mizima, haijatafunwa hata pembe. Akarudisha kisu sandukuni.

Nilijikuta nimechuchumaa chini, nimeshika bomba la uzio kwa mikono miwili. Abla akampitishia ng'ombe mpira kooni, likatoka povu tu. Akamimina mafuta, akamimina magadi yaliyokorogwa na maji, na binti yetu na wenzake wakaanza kumkanda ubavu wakiwa nje ya mabomba kama walivyofundishwa, kwa viganja, taratibu. Tukangoja. Nilisali kwa Kitugen cha kwetu, Sitti akasali kwa Kiarabu.

Gesi ikatoka. Ilitoka kwa kishindo, ikapuliza mafuta na kila kitu, na uvundo wake ukatutoa machozi. Sijawahi kufurahia harufu mbaya namna ile maishani mwangu. Wasichana wakaziba pua wakicheka na kupiga makofi. Ikatoka tena, na ubavu ukaanza kushuka tukiutazama. Sitti, amejiziba uso kwa ushungi, alisema alhamdulillahi mara nyingi mpaka abla akamwambia atulie, ng'ombe anahitaji kimya. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba aliyesema ndiye aliyemponya.

Garini Sitti alikaa nami kiti cha nyuma. Riyadh ilikuwa imeshaanza kuonekana mbele yetu ndipo aliponiuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ni mama wa baba," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Niliogopa kuliko wewe," akasema. "Mjukuu wangu angeniona mjinga."

Nikampangusia makombo begani. Usiku huo madam alipouliza kulikoni, Sitti alieleza kila kitu mwenyewe, akaongeza na chumvi, akaiga hata ile gesi. Walicheka mpaka baba akakohoa. Mimi nilikuwa jikoni, nimeegemea friji, nikicheka nao. Begi langu lilikuwa mahali pake chini ya kitanda.

Mwekundu alidungwa sindano siku ile, akapakwa rangi. Idi ikaja, na baba, ambaye shule ilimruhusu kumnunua, akataka achinjwe. Bintiye akakataa katakata. "Rangi bado, baba. Dawa haijatoka." Baba akabisha, akasema amepona, mbona anaruka. Binti akasema kupona ni kwake, dawa ni kwetu sisi walaji wa nyama. Akanunuliwa kondoo. Mimi niliyekuwa nikigawa vinywaji nilitaka kumpigia makofi.

Mwekundu alichinjwa baadaye, machinjioni, kwa utaratibu, na likizo ilipofika tukachukua fungu la Sitti kwenye barafu mpaka Jeddah. Nyumba yake iko upande ambao honi za meli bandarini zinaingia mpaka chumbani. Alipika mwenyewe, hakutaka nishike mwiko. Nyama ilikuwa laini, haijavia damu. Mkate ukazunguka mezani, na uliobaki Sitti akautia kwenye mfuko, akautundika langoni.

Nilikuwa naosha vyombo trei ya vikombe vya kahawa iliponiteleza. Vilikuwa vikombe vya harusi yake, nilishaambiwa. Vikalia sakafuni vyote pamoja.

"Nani?" Sitti akaita kutoka sebuleni.

"Mimi, Sitti!" Lilinitoka kabla sijatazama chini kuona kama kuna kilichosalia. "Nimevunja vikombe vyako!"

Nikasikia kiti kikisogea, nikasikia kandambili zake zikija. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu atakachosema: samahani, ilikuwa sabuni, unikate mshahara. Akatokea mlangoni, akaitazama sakafu, akanitazama miguu.

"Umeumia?" akauliza.

Tangu nianze kufanya kazi za nyumba za watu, swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa. Nikasimama pale, sabuni ikinidondoka viwikoni, nikilia kama mtoto, na Sitti akaenda kuchukua ufagio.