Godoro la Adoyo

Mkiniuliza nani alimtesa Adoyo, nitajitaja mwenyewe: mimi Samsam, mama wa Luul, mke wa Warsame muuza nguo hapa Kisii. Jirani yangu Nereah, mama wa mtoto, kosa lake lilikuwa kuniamini.

Mwaka wa hamsini na mbili Adoyo alikuwa na miaka minne. Aliamka na alama chache mgongoni. "Kunguni hao," nikasema. Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Hawakutuonya kwamba ujinga unaweza kuwa kwa anayejibu. Nikampa Nereah gunia la maua makavu ya pareto kutoka Nyamache, kwani nani asiyejua kwamba pareto inaua wadudu? Akayashonea ndani ya godoro la mtoto.

Siku ya tatu Adoyo alivimba mabaka mekundu mwili mzima, akijikuna hadi damu. Nereah akamkata kucha, akamkanda kwa kitambaa cha maji baridi, akamvalisha kigauni chepesi cha pamba. Mchana mabaka yalitulia, asubuhi yakarudi. Akamkataza mayai, kisha maziwa, kisha samaki. Mtoto wa Kijaluo asionje samaki! Akabaki macho na mbavu.

"Mama Luul, nimechoka," Nereah alinililia. "Hata samaki nimenyima yeye. Nifanye nini tena?"

"Ongeza pareto," nikamjibu. Naye akaongeza.

Mwishowe mumewe, Otiende, akampeleka mtoto ziwani kwa bibi yake mzaa baba. "Hii nyumba itaua yeye," alisema, akimtazama mkewe badala ya kunitazama mimi.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Adoyo anakula samaki, ngozi yake safi, na bibi hamrudishi, maana mikono ya mama yake ina balaa. Nereah akajitupa kwenye godoro la mwanawe, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Nilipoingia kumwita anywe chai, akainua uso. Shavu lililolalia godoro lilikuwa limejaa mabaka.

Alipapasa shavu, akachukua kisu, akalipasua godoro. Maua yakamwagika sakafuni.

"Ni hii, Mama Luul," alisema. "Ni mimi nilitandikia yeye."

Nilisafiri hadi kwa yule bibi, nikapiga magoti, nikakiri. Alinipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtoto ameshazoea.

Adoyo alirudi baada ya miaka mitatu, hana hata kipele. Mlangoni alimpa mama yake mkono, kama tunavyompa mgeni.