Mkanda Unaoanzia Mbili

Haya ninayowaambia sikuwahi kumwambia hata mume wangu, aliyasikia sokoni Garsen kama watu wengine, na mpaka leo nikipita Minjila kuna wanawake wananiita "Fundi Toa Mbili", nami nageuka kuitika, nifanye nini.

Mimi ni fundi wa cherehani, na pia ni mhudumu wa afya wa kijiji. Siku hiyo nilitakiwa kupima unene wa mikono ya watoto wadogo wote, ili ijulikane kama kijiji kinastahili kuletewa chakula cha watoto waliokonda. Kufika, nikakumbuka ule mkanda wa kliniki wenye rangi (nyekundu, manjano, kijani) nimeuacha mezani nyumbani. Ningerudi. Lakini akina mama wameshakaa, chifu ameshafika, jua linapanda, na ndani ya pochi nina mkanda wangu wa kushonea, nikasema moyoni sentimita ni sentimita, nikaanza kupima.

Sasa mkanda ule ulikatika ncha zamani, unaanzia mbili. Nikishona huwa natoa mbili kichwani bila hata kufikiria, lakini siku hiyo na macho yote yale (napenda kuangaliwa, nikubali tu) nikawa nasoma namba kama ilivyo.

Watoto wote wakatoka wazima. Nyanya Hawa, bibi mmoja mfugaji, Muorma, alikuwa amempakata mjukuu wake Barisa, mtoto amelegea hata nzi hamfukuzi. Nikamwambia yuko sawa.

"Mtoto hii si sawa," akasema. "Mimi nalala na yeye. Mfupa yake najua."

"Nyanya, hii kazi nimesomea," nikamjibu mbele za watu. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Nikasimama kumwambia chifu kwamba kijiji hiki hakina mtoto aliyekonda, tena kwa sauti nzuri kabisa, mpaka Mama Komora, niliyemshonea nguo ya Krismasi, akauliza taratibu, "Fundi, mkanda huo si ndio ule wa kutoa mbili?"

Watu wakacheka. Chifu akacheka. Mimi nikafungua daftari nikatafuta jina la Barisa: kumi na mbili pointi nane. Nikatoa mbili, ikabaki kumi pointi nane. Chini ya kumi na moja na nusu ni nyekundu, na mtoto wa nyekundu anaweza kufa wakati wowote.

Nilikimbia, viatu mkononi. Nikamkuta Nyanya Hawa mbali kwenye njia ya malishoni, nikamwomba msamaha huku nalia, nikambeba Barisa mwenyewe hadi barabarani tukapata pikipiki ya kwenda kliniki. Njia nzima hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake niliwapima upya watoto wote, kwa mkanda wa kliniki. Barisa alipona, namshukuru Mungu, lakini si kwa sababu yangu. Sijapima tena mtoto kwa mkanda wa nguo, wala sitapima. Na kila mwezi Nyanya Hawa akimleta, kabla sijamgusa mtoto ananyoosha mkono, nampa mkanda, anaukagua ncha zote mbili polepole (hajui kusoma), kisha ananirudishia. Nangoja tu, hata foleni ikiwa ndefu.